Sura ya Saba: Ngazi za Maji za Masaku

Maji ya mto Thika yana wenyewe watatu, na kila mmoja huchukua kabla ya mwenzake. Wa kwanza ni Nairobi. Huko juu Murang'a, chini ya Aberdare, bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994 huyazuia na kuyapeleka kwenye mabomba ya jiji. Wa pili ni Yatta. Mto unapokaribia tambarare za Masaku, yaani Machakos, sehemu ya maji yake hugeuzwa na kuingizwa katika mfereji wa udongo unaosafiri takriban kilomita 60 ukipitia mashamba ya Kithimani na Matuu. Wa tatu ni Masinga. Chochote kilichowaponyoka wawili wa kwanza huingia katika ziwa lile kubwa, kikutane na mto Tana, kisha kiteremke kuzungusha mitambo ya umeme.

Sura zilizotangulia zimezungumzia maziwa na bahari, mahali ambapo mashua ina uhuru wa kwenda itakako. Hapa nataka tuangalie maji yaliyofungwa, maji ya mfereji na bwawa, ambayo binadamu ameyaamuru yapite wapi na yasimame wapi. Katika nchi nyingine maji ya namna hii ni barabara. Ukienda Uingereza mwezi wa Julai, jua linapochelewa kutua hadi saa tatu na zaidi za usiku, utakuta familia nzima zimehamia kwenye mashua nyembamba zenye jiko, vitanda na maua kwenye paa, zikitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mifereji hiyo ilichimbwa kubeba makaa ya mawe na vyombo vya udongo. Reli ikaipokonya kazi, na leo inabeba watu walio likizoni. Ufaransa wanao Mfereji wa Midi, uliofunguliwa mwaka wa 1681, ambao nao hujaa mashua kila kiangazi.

Masaku ina mfereji mrefu na ina ziwa lenye mashua. Kwa nini basi hakuna anayesafiri kwa maji kutoka Matuu hadi Masinga, au kutoka Masinga hadi pwani?

Jibu limo katika umbo la nchi yenyewe.

Maji hayapandi mlima, na mashua haiwezi kushuka maporomoko ikabaki salama. Wachina walilitatua tatizo hili zamani sana. Mwaka wa 984 ofisa aliyeitwa Qiao Weiyue alijenga chumba cha maji chenye lango kila upande kwenye mfereji mmoja, na tangu hapo ulimwengu wote umeiga. Kazi yake ni hii. Mashua inatoka chini na kuingia chumbani, na lango la nyuma linafungwa. Vidirisha vilivyo chini ya lango la mbele vinafunguliwa, maji ya juu yanaingia taratibu, chumba kinajaa na mashua inainuka pamoja nayo. Maji ya ndani yakishalingana na ya nje, lango la mbele linafunguliwa kwa kusukumwa na mtu mmoja tu, maana hakuna tena nguvu inayolibana. Mashua inatoka ikiwa juu mita mbili au tatu kuliko ilipoingia. Hakuna pampu wala injini. Kinachoinua chombo cha tani kadhaa ni uzito wa maji peke yake, na kwangu mimi huu ni mmoja kati ya uvumbuzi mzuri kabisa ambao binadamu amewahi kufanya.

Karibu na mji wa Devizes, kusini mwa Uingereza, vyumba 29 vya namna hii vimefuatana katika mwendo wa kilomita tatu hivi. Mahali penyewe panaitwa Caen Hill. Mashua inayopita vyote hupanda mita 72, na kazi hiyo humaliza sehemu kubwa ya siku. Watu hulipa pesa kwenda kufanya kazi hiyo, tena kwa mikono yao wenyewe, na jioni hulala wakiwa wameridhika.

Sasa linganisha na Tana. Ziwa Masinga likijaa, uso wake huwa mita 1,056 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kiambere, la mwisho katika mlolongo wa mabwawa yale, likijaa huwa mita 700. Tofauti ni kama mita 350, ambayo ni Caen Hill karibu tano zilizopandiana. Ukipanga vyumba vya mita mbili na nusu kila kimoja, utahitaji 140 na kitu. Na hapo bado hujafika Garissa, sembuse baharini.

Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kuitawala nchi hii mwaka wa 1888, ile ya Imperial British East Africa, ilijifunza jambo hili kwa gharama. Machakos ilikuwa kituo chake muhimu bara, na njia ya kufika huko ilikuwa miguu ya wapagazi. Masanduku yalibebwa kichwani kutoka Mombasa kupitia nyika kavu ya Taru. Ilikuwa kawaida basi kwa wakubwa wa kampuni kuitazama ramani na kuona mito miwili ikishuka kutoka jirani ya Machakos hadi Bahari ya Hindi, wakajiuliza kama mmoja wao hauwezi kuwa njia.

Mto wa kwanza ni Athi, ambao chini huitwa Galana na mwishoni Sabaki. Mwaka wa 1890 Frederick Lugard aliufuata kutoka pwani akijenga maboma njiani hadi akafika Machakos. Alifika kwa miguu. Yapo maporomoko katika Tsavo Mashariki yenye jina lake hadi leo, ambapo mto mzima umebanwa kwenye nyufa za mawe, na ukiyaona utaelewa upesi kwa nini hakuna jahazi lililowahi kupanda. Huku juu, chini ya mlima Ol Donyo Sabuk ambao wengi tunauita Kilimambogo, Athi hiyo hiyo inaanguka tena kwenye Fourteen Falls. Vijana wa pale wana vyombo vidogo vya kuwavusha wageni waone maporomoko kwa karibu, na nahodha wao hutumia upondo kwa ustadi kati ya mawe. Safari yao ni ya dakika chache.

Mto wa pili ni Tana. Mwaka wa 1891 kamanda Dundas alipanda nao kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, yenye gurudumu la kusukumia maji nyuma yake. Alipita nchi ya Wapokomo, mkunjo baada ya mkunjo, hadi Hameye. Mbele ya hapo mto unapanda kwa maporomoko, na meli ikakoma. Miaka mitano baadaye reli ilianza kujengwa Mombasa, na mnamo 1899 ikafika Nairobi. Haikupita hata mjini Machakos. Ilipita mbali, upande wa Konza, na kile kituo cha zamani kikaachwa pembeni. Sioni ajabu kwamba wazee wengi wa Masaku bado wanaizungumzia reli kama jambo la jana.

Pale chini, hata hivyo, mahali Tana inapotulia, watu wa pwani walikuwa na mfereji wao wa mashua kabla Dundas hajafika. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba njia nyembamba iitwayo Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi iliyobeba nafaka ifike Kau na Kipini bila kuzunguka kwa bahari. Haukuwa na lango lolote, wala haukuhitaji, kwa kuwa ardhi ni sawa. Mafuriko yakaupanua, mto ukaupenda, na hatimaye Tana nzima ikahamia humo. Mdomo wa Tana tunaouona leo pale Kipini ni kazi ya majembe ya wale wachimbaji. Sijui mfereji mwingine wa Afrika Mashariki uliobadilisha ramani kiasi hicho, na inaniuma kwamba watoto wetu husoma Suez na Panama shuleni bila kutajiwa Belezoni.

Turudi Yatta. Mwaka wa 1851 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuja huku akitaka kuanzisha kituo cha misheni. Katika msafara mmoja pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, walishambuliwa karibu na Tana na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake. Alipoufikia mto alikunywa, kisha kwa kuwa hakuwa na kibuyu, akajaza maji kwenye ala ya darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akashika njia ya kurudi. Kila ninapopita Matuu wakati wa kiangazi, ile miezi ambayo Wakamba huiita thano, nakumbuka mtutu ule wa bunduki. Nchi ni ileile. Mto uko pale bondeni, unasikika, na shamba lililo juu ya bonde linakufa kwa kiu.

Karne moja baadaye maji yaliletwa juu, na walioyaleta hawakuwa huru. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu ya watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau walizuiliwa kambini, na wengi wao walipewa majembe. Katika miaka ya 1950 mfereji wa Yatta ulichimbwa kwa mikono yao, na mashamba ya mpunga ya Mwea, upande wa pili wa Tana, yalianzishwa vivyo hivyo mwaka wa 1956. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa enzi hizo, jumla ya pauni milioni 19.9. Ningependa kila anayechota maji pale Matuu ajue jambo hili, na nadhani kibao kimoja cha jiwe kando ya mfereji, chenye mwaka na maneno machache, ni deni ambalo kaunti inaweza kulilipa kwa urahisi.

Kama kazi ya ufundi, mfereji ule ni wa kuheshimiwa. Hauendi moja kwa moja. Unafuata kiuno cha ardhi, ukizunguka kila kilima na kuingia kila bonde dogo, ili maji yateremke kidogo sana na yasisimame. Ukiupa mteremko mkali, maji yatakula kingo. Ukiulaza mno, tope litaujaza. James Brindley, fundi aliyeijenga mifereji ya kwanza mikubwa ya Uingereza kuanzia miaka ya 1760, alipita njia hiyohiyo: alizunguka vilima pale alipoweza, akaepuka ngazi za vyumba. Tofauti ni kwamba Brindley aliusakafia mfereji wake kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na kushindiliwa hadi usipitishe maji, na wa Yatta kwa sehemu kubwa uliachwa udongo mtupu. Maji mengi huzama njiani. Mkulima wa mwisho anajua hivyo kuliko mhandisi yeyote, maana zamu yake inapofika mara nyingine hukuta tope.

Mfereji ulipangiwa kubeba takriban mita moja ya ujazo kwa sekunde. Kutokana na kiasi hicho kidogo kumetokea uchumi mzima. Mishiri, bamia na karela zinazotoka Matuu hupelekwa uwanja wa ndege wa Nairobi na kuliwa Ulaya siku chache baadaye. Nyanya, vitunguu na maembe huuzwa kando ya barabara ya Garissa. Punda hushuka na mitungi mitupu na kupanda na iliyojaa. Akina mama hufua nguo kwenye kingo, na ng'ombe hunywa chini yao.

Hapo ndipo hesabu ya mashua inapobadilika. Chumba cha maji cha kupitisha mashua moja nyembamba ya Kiingereza kina urefu wa mita 22, upana wa mita mbili na kidogo, na kina cha kupanda cha mita mbili na nusu. Kila mashua inapopita, maji ya ukubwa huo huondoka juu na kwenda chini: mita za ujazo zipatazo 120, au mitungi 6,000 ya lita ishirini. Kule ambako mvua hunyesha mwaka mzima hilo linavumilika, ingawa hata wao wamelazimika kujenga mabwawa mahsusi ya kulisha mifereji. Yatta, mitungi 6,000 ni shamba la mtu. Simlaumu aliyeupanga mfereji huu kwa kutofikiria mashua. Aliwaza mahindi, akawaza sawa.

Masinga ni habari nyingine. Bwawa lilikamilika mwaka wa 1981 chini ya mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, na likijaa ziwa lake hutanda eneo la kilomita za mraba 120 hivi, upande huu Machakos na upande ule Embu. Lina uwezo wa kushika mita za ujazo bilioni moja na nusu, na kazi yake kubwa si umeme wake wenyewe, ambao ni megawati 40 tu. Ni ghala. Linashika maji ya masika na ya vuli na kuyaachia polepole ili mabwawa yaliyo chini yapate riziki mwaka mzima.

Hapa ndipo penye safari ya mashua ya kweli. Wakati mzuri ni Juni, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, ziwa likiwa juu na anga la Ukambani likiwa na ubaridi na mawingu. Kutoka hoteli iliyo karibu na bwawa unaweza kupata boti ya kuzunguka. Ukipanda taratibu kuelekea magharibi unaingia kwenye mikono ya ziwa, ambako migunga iliyozama imesimama na matawi makavu, na mnandi wametua wakianika mabawa. Wavuvi wanatega nyavu za tilapia na kambare. Viboko wapo na mamba wapo, kwa hiyo nahodha mzoefu hakaribii matete asubuhi na jioni. Upepo wa alasiri huinua mawimbi mafupi yenye hasira ambayo mgeni hayatarajii kwenye maji ya bara, na ndiyo sababu wenyeji huvuka mapema.

Na wanavuka kila siku. Mtu wa Masinga mwenye ndugu au biashara Mbeere ana njia mbili: azunguke kwa barabara, kupitia juu ya ukuta wa bwawa, au akate ziwa kwa mashua. Mbuzi huvuka, magunia ya ndengu huvuka, pikipiki pia huvuka. Huu ni usafiri wa umma ambao haumo kwenye ramani yoyote ya barabara. Unapaswa kuwemo.

Chini ya ukuta wa Masinga, mashua haina pa kwenda. Ukuta una takriban mita 60 kwenda juu na hauna chumba wala lango la kupitia. Mto unaingia Kamburu, lililojengwa 1974, kisha Gitaru la 1978, Kindaruma la 1968 ambalo ndilo kongwe, na mwishoni Kiambere la 1988. Ni ngazi tano, na pale Kamburu na Gitaru maji hupitishwa chini ya ardhi hadi kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mwamba. Gitaru peke yake ina megawati 225, nyingi kuliko kituo kingine chochote cha maji nchini. Kila mita ambayo mashua ingeteremshwa kwa vyumba imegeuzwa kuwa umeme. Misri walifanya uamuzi tofauti kule Esna, ambako lambo la Nile lina chumba cha kupitishia vyombo na meli za watalii hupanga foleni kupita. Lakini Nile ilikuwa njia ya vyombo kwa maelfu ya miaka kabla ya lambo hilo, na pale Esna kina cha kushuka ni mita chache. Tana ya juu haikuwahi kuwa njia ya chombo chochote.

Watu wa Masaku, tena, wana ujuzi wao wa ngazi, na ni wa zamani kuliko ukuta wa Masinga. Nenda Kangundo, Mbooni au Iveti utazame vilima. Vimekatwa matuta kutoka kileleni hadi bondeni, kila tuta likisimamisha maji ya mvua kidogo kabla ya kuyaachia kwa tuta la chini. Ile njia ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, iitwayo fanya juu, imefundishwa nchi nyingi ikitokea hapa, na jina lake la Kiswahili limekwenda nayo. Vikundi vya kinamama, mwethya, ndivyo vilivyochimba sehemu kubwa. Uhai wa ziwa Masinga unategemea majembe yale, ya huku na ya nyanda za juu za Murang'a na Nyeri, kwa sababu udongo unaoponyoka tuta huishia ndani ya bwawa na kulipunguzia kina mwaka hadi mwaka. Mwenye mashua huuona udongo huo kabla ya mtu mwingine yeyote, pale kasia linapogota tope mahali ambapo zamani lilielea.

Ziwa lenyewe halitulii. Mwaka wa 2009 ukame ulilishusha hadi mitambo ya Masinga ikazimwa. Mwaka wa 2018, tena 2020, tena 2024, lilifurika na maji yakamwagika juu ya njia yake ya ziada hadi kwa watu wa Garissa na Tana River. Gati la mbao lililojengwa mwaka wa mvua hukutwa mwaka wa ukame likiwa limesimama mbali na maji, katikati ya nyasi, na abiria huvua viatu na kukanyaga matope ili waifikie mashua.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti mbili zinazopakana na ziwa hili ni dogo, na halihitaji vyumba 140. Zijenge magati yanayoelea, yanayopanda na kushuka pamoja na maji, angalau moja kila ng'ambo. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, na mashua zikaguliwe kama matatu zinavyokaguliwa, kazi ambayo Mamlaka ya Bahari ya Kenya tayari imepewa na sheria. Na tangazo la kiwango cha maji, ambalo hutolewa kwa ajili ya watu walio chini ya mabwawa, libandikwe pia pale mashua zinapopakia, kwa Kikamba, Kimbeere na Kiswahili, ili nahodha ajue asubuhi ziwa limeshuka au limepanda kiasi gani tangu jana.